Homa ya Sindano au Homa ya Mbu? Kukabili Madhara ya Chanjo ya Saratani ya Ngozi Ukiwa Mombasa

Mgonjwa wa melanoma alidungwa chanjo ya saratani jana saa nne asubuhi. Leo alfajiri anatetemeka chini ya blanketi, na feni imezimwa ingawa nje kuna fukuto la mwezi wa tatu. Nyumbani kila mtu ana lake: huyu asema malaria, huyu asema ni uchovu wa safari, mwingine amekwisha kutumwa kemisti. Kabla ya yote hayo kuna swali moja: alidungwa nini, na saa ngapi zimepita? Madhara ya dawa hizi yana ratiba. Yako ya saa, yako ya siku tatu, yako ya wiki na miezi, na kila kundi lina matibabu yake. Anayemuuguza akiijua ratiba hiyo, atajua lini ampe parasetamoli alale na lini aite gari usiku huo huo.

Jua kwanza amedungwa nini

Chanjo hizi si kama ya polio au surua, anayopewa mtu asiye mgonjwa ili asiugue. Hizi hupewa mtu ambaye tayari ana saratani, ili kinga yake ifundishwe kuzitambua seli za uvimbe na kuzishambulia. Kwa saratani ya ngozi, nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya melanoma, ile inayoanzia kwenye seli za rangi. Kwa watu weusi melanoma hupenda kujificha kwenye nyayo, kiganja au chini ya ukucha. Saratani zinazowasumbua zaidi ndugu zetu wenye ualbino huwa za aina nyingine, na dawa zake ni nyingine, kwa hiyo usichukue maelezo ya mgonjwa mmoja ukamwekea mwingine.

T-VEC ni virusi vya malengelenge ya mdomo vilivyopunguzwa makali maabara, na hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe. Marekani iliiidhinisha mwezi wa Oktoba 2015. Dozi ya kwanza huwa hafifu. Ya pili, baada ya wiki 3, ina nguvu mara 100. Zinazofuata huja kila wiki 2. Chanjo ya mRNA, yaani maelekezo ya kikemia yanayozifundisha seli kutengeneza vipande vya protini ya uvimbe, hutengenezwa kwa kila mgonjwa kutokana na uvimbe wake; hudungwa kwenye msuli, miligramu 1 kila wiki 3, hadi mara 9, na bado imo kwenye majaribio. Ziko pia za vipande vya protini vilivyochanganywa na mafuta, ambazo hudungwa chini ya ngozi. Mgonjwa wa Mombasa anayezipata huwa amedungwa mbali, akarudi nyumbani. Madhara humkutia Kisauni au Changamwe, mbele ya mhudumu ambaye pengine hajawahi kulisikia jina la dawa hiyo.

La muhimu zaidi ni hili: chanjo mara nyingi haiji peke yake. Huambatana na dawa ya dripu kama pembrolizumabu, ambayo kazi yake ni kuifungua breki ya kinga. Madhara ya dawa hizi mbili hayafanani. Katika jaribio la chanjo ya mRNA lililowahusisha wagonjwa 157, chanjo iliongeza uchovu, maumivu ya sindano na kutetemeka. Lakini shambulio la kinga dhidi ya viungo vya mwili lilitokea kwa asilimia 36 ya waliopata chanjo pamoja na pembrolizumabu, na asilimia 36 ya waliopata pembrolizumabu pekee. Kwa lugha nyepesi, homa ya siku mbili mara nyingi ni ya chanjo. Tumbo la kuendesha wiki ya saba, mshuku zaidi mwenzake.

Basi andika kadi. Karatasi ngumu ya ukubwa wa kitambulisho yatosha: jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi, herufi kwa herufi, tarehe na saa ya kila sindano, mkono, paja au uvimbe uliodungwa, simu ya kitengo kilichomdunga, na sentensi hii, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana faili za hospitali huandikwa kwa Kiingereza: "Mgonjwa huyu anatumia dawa inayoamsha kinga ya mwili. Kuharisha, kukohoa, kichwa kuuma au uchovu wake unaweza kuwa shambulio la kinga. Tafadhali mpigieni daktari wake." Ipige picha, iwe kwenye simu ya mgonjwa na ya watu wawili wa nyumbani.

Nyumbani pia kuwe na kipimajoto cha kidijitali, kipima oksijeni cha kidole, daftari, biro, parasetamoli na pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini). Vyote hivi hupatikana kwenye duka lolote kubwa la dawa mjini.

Nusu saa ya kwanza

Mgonjwa asiondoke kliniki kabla ya dakika 30. Mzio mkali ni nadra, lakini ukija huja upesi: midomo au ulimi kuvimba, mabaka ya kuwasha mwili mzima, sauti kukwama, pumzi kubana, kizunguzungu cha kuanguka. Dawa yake ni adrenalini, nusu miligramu kwa mtu mzima, ndani ya msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya mzio havitoshi hapo. Anayeishi Likoni au Mtongwe asikimbilie feri mara tu bomba la sindano likitoka. Hakuna msaada katikati ya kivuko.

Saa 72 za mwanzo

Homa ya chanjo kwa kawaida huanza saa chache baada ya sindano, au usiku wake. Mgonjwa hutetemeka, viungo vinauma, kichwa kizito, hamu ya kula imekwenda. Wengi hurudia hali yao kabla ya saa 72 kwisha. Kwa T-VEC homa hizi huwa nyingi zaidi miezi 3 ya mwanzo, kisha hupungua.

Pima joto kabla ya kumpa kidonge, si baada, na uandike namba na saa. Kipimo cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, kama nusu nyuzi, kwa hiyo chagua sehemu moja usiibadilishe. Akifika nyuzi 38, au maumivu yakimnyima raha, mpe parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500, na arudie baada ya saa 6 ikihitajika. Visizidi 8 kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Mtu wa chini ya kilo 50, au mwenye ini lenye matatizo, apangiwe kiasi kidogo na daktari. Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya: vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani yake, na mtu hujikuta amekunywa dozi mbili kwa majina mawili. Soma nyuma ya pakiti.

Anapotetemeka mfunike, kutetemeka kukiisha na jasho likaanza, mfunue, washa feni, mpe maji. Mombasa jasho la homa hujumlishwa na jasho la hewa, na mgonjwa hukauka haraka kuliko anavyodhani. Lita 2 hadi 3 za vinywaji kwa siku ni lengo zuri, ila kama figo au moyo wake una kasoro. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, hajanywa vya kutosha, au ini linalalamika, tutarudi hapo.

Mkono uliodungwa utauma na kuvimba. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta ngozi iliyozidi kuwa nyeusi au yenye rangi ya zambarau, iliyokaza na kung'aa. Kisha weka mgongo wa kiganja chako juu yake, halafu upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto. Chukua biro uzungushe mstari pale uvimbe unapoishia, andika saa kando ya mstari. Kesho yake tazama: uvimbe uliobaki ndani ya mstari au kurudi nyuma ni wa chanjo. Uliovuka mstari baada ya siku ya tatu, unaopwita, wenye usaha au michirizi inayopanda kuelekea kwapa, huo ni maambukizi na unahitaji antibayotiki. Kwa T-VEC maambukizi ya ngozi ndiyo dhara kubwa lililoonekana mara nyingi kuliko mengine, ingawa ni ya wachache, kama wagonjwa 2 katika kila 100.

Kitambaa kilicholowa maji baridi, dakika 10 kwa mara, hutuliza. Usikande kwa maji moto, usisugue kwa mafuta ya karafuu, usiweke shubiri wala mwarobaini uliotwangwa. Chanjo zile zenye mafuta huacha donge gumu kama kokwa la ukwaju, nalo hukaa wiki au miezi. Usilikamue. Ukilikamua unafungua mlango wa vijidudu, na donge lenyewe haliondoki.

Kuna jambo linalowatia watu hofu isiyo ya lazima: mtoki kwapani. Chanjo ya begani huweza kuvimbisha tezi za kwapa la upande huo, na kwa mtu mwenye melanoma, saratani inayopenda kusambaa kwenye tezi hizo hizo, kila mmoja hudhani ugonjwa umerudi. Hata picha ya skani hudanganyika. Kwa hiyo omba sindano idungwe mkono wa upande usio na saratani, na kamwe si mkono uliotolewa tezi kwa upasuaji. Siku ya skani mwambie fundi wa picha: nilidungwa tarehe fulani, mkono huu. Mtoki wa chanjo hupungua wenyewe. Ukizidi wiki 6 au ukizidi kuwa mgumu, uchunguzwe.

Pale mbu anapovuruga hesabu

Hapa ndipo Pwani inapotofautiana na hospitali za Ulaya ambako maelekezo mengi ya dawa hizi yaliandikwa. Huko homa ya siku ya kwanza baada ya chanjo ni ya chanjo. Mombasa inaweza kuwa ya chanjo, au malaria aliyoipata mgonjwa alipolala Kwale wiki mbili zilizopita, au homa ya dengi, kidingapopo kwa jina la zamani, ambayo mji huu umekwisha kuiona ikilipuka zaidi ya mara moja. Anayebahatisha huweza kukosea upande wowote.

Ushauri wetu ni mmoja: homa ya nyuzi 38 na zaidi ipimwe malaria siku ile ile, hata kama saa zinaelekeza kwenye sindano. Tone la damu halimdhuru mtu. Ila ujue kipimo cha haraka kina udhaifu wake: aliyetibiwa malaria mwezi uliopita huweza kuonekana bado anayo, kwa sababu mabaki ya vimelea hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa. Huyo apimwe kwa hadubini. Akithibitika, dawa ya mseto ya AL (artemether na lumefantrine) kwa mtu mzima ni vidonge 4 mara 2 kwa siku 3, jumla 24. Dozi ya pili ifuate saa 8 baada ya ya kwanza, na vyote vinywewe na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au wali wa nazi, vinginevyo havifyonzwi vizuri. Daktari wa saratani aambiwe, maana sindano inayofuata huenda ikasogezwa.

Kumeza dawa ya malaria bila kupima ni kosa la pili kwa ubaya. La kwanza ni sindano ya diklofenaki ya kemisti, au vidonge vya ibuprofeni na aspirini, kwa homa isiyojulikana. Ikiwa ni dengi, dawa hizi humzidishia mtu hatari ya kutoka damu. Parasetamoli peke yake mpaka ijulikane ni nini.

Zitofautishe kwa mwendo wake. Homa ya chanjo hupanda, hushuka, haisubiri siku ya nne. Homa ya dengi hukaa siku 2 hadi 7, na maumivu nyuma ya macho na kwenye mifupa. Na hatari yake huja homa inaposhuka, pale watu wanapopumua. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, ufizi au pua ikitoa damu, mpeleke. Daktari ataagiza hesabu kamili ya damu kutazama chembe za kugandisha.

Kwa hiyo mpeleke hospitali bila kungoja: homa inayovuka saa 72, homa iliyoondoka ikarudi, nyuzi 39.5 saa yoyote. Shingo ngumu, kuweweseka, au kushindwa kunywa. Na kama mgonjwa anatumia pia kemotherapia au steroidi (dawa za kutuliza kinga) za dozi kubwa, nyuzi 38 peke yake ni dharura, mchana au usiku.

Plasta ya T-VEC

T-VEC ni virusi hai, na sehemu iliyodungwa huweza kutoa maji yenye virusi. Ifunikwe kwa plasta isiyopenyeza hewa wala maji kwa angalau wiki 1 baada ya kila sindano, au zaidi ikiwa bado inatoa maji. Mombasa adui wa plasta ni jasho. Imewekwa asubuhi, adhuhuri kingo zimeshajikunja.

Anayeibadilisha akae na mgonjwa chini ya feni dakika 10 kwanza, ngozi ikauke. Atandike gazeti, anawe mikono kwa sabuni, avae glavu. Abandue plasta ya zamani kutoka ukingoni kuelekea katikati, aiweke moja kwa moja kwenye mfuko. Akaushe kidonda kwa shashi safi kwa kugusagusa, bila kusugua, kisha akaushe ngozi ya pembeni upana wa vidole viwili pande zote. Hapo ndipo gundi inaposhika, na hapo ndipo wengi wanapopaacha na mafuta ya nazi au unyevu. Aweke plasta mpya, abonyeze kingo zote kwa kidole kwa nusu dakika. Avue glavu kwa kuzigeuza ndani nje, azitupe pamoja, afunge mfuko, anawe tena. Aikague asubuhi, jioni na baada ya kuoga. Kuogelea baharini kusubiri.

Mfuko huo ni tatizo dogo lenye maana: tangu 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, na ile ya kitambaa ya sokoni hupitisha maji. Omba hospitali ikupe mifuko yao ya taka zenye vijidudu, uirudishe imefungwa siku ya kliniki. Nguo na shuka zilizodondokewa zifuliwe peke yake kwa maji moto na sabuni. Kwa meza au sakafu tumia Jik. Yenye nguvu ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa 6 za maji hutoa dawa ya asilimia 0.5.

Mjamzito, mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka, anayetumia steroidi na mtoto mchanga wasiguse plasta wala kidonda. Mgonjwa mwenyewe akiwa na kinga dhaifu au mimba hapewi T-VEC kabisa. Kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye bibi, wajukuu na mgeni, mambo haya yapangwe kabla ya sindano: nani atabadilisha plasta, na leso au kikoi kipi ni cha mgonjwa peke yake. Yeyote akiota malengelenge kidoleni au mdomoni, au jicho likamuuma na kuwa jekundu, aende hospitali na kadi. Virusi hivi husikia dawa ya asiklovia.

Usishtuke uvimbe ukivimba zaidi kabla ya kunywea. Hutokea.

Wiki na miezi

Homa za mwanzo zikipita watu huachilia daftari. Ni makosa, hasa kama kuna dawa ya dripu pamoja na chanjo. Kinga iliyofunguliwa breki huweza kukishambulia kiungo kizima cha mwili, na dalili zake hufanana na maradhi tuliyoyazoea. Kwa kawaida ngozi hutangulia, wiki ya 3 hadi ya 6, tumbo hufuata, tezi za homoni huchelewa. Shambulio huweza kuja hata miezi baada ya sindano ya mwisho.

Tumbo lahesabika. Andika kabla ya tiba mgonjwa huenda choo mara ngapi kwa siku. Zikizidi kwa 1 hadi 3, piga simu siku hiyo. Zikizidi kwa 4 hadi 6, daktari amwone siku hiyo hiyo na dawa isimamishwe. Zikizidi kwa 7, au kukiwa na damu, makamasi au maumivu makali, ni hospitali sasa. Usinunue Flagyl wala dawa ya kuzuia kuharisha: ya kwanza hupoteza siku, ya pili huficha moto chini ya majivu, na utumbo huweza kutoboka. Choo kipimwe, kwani kipindupindu na amiba navyo vipo mjini. Njiani mpe ORS. Soma pakiti, ziko za nusu lita na za lita nzima. Ukiikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Madafu ni mazuri na humpa mgonjwa hamu, lakini yana chumvi kidogo mno, hayatoshi peke yake.

Upele upime kwa kiganja cha mgonjwa: kiganja kimoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili. Chini ya viganja 10 hutulizwa na mafuta yasiyo na manukato, krimu nyepesi ya steroidi na kidonge cha setirizini miligramu 10 usiku. Zaidi ya hapo, daktari. Malengelenge, ngozi kuchubuka, vidonda mdomoni au machoni ni dharura. Piko ya harusi isubiri, kwa sababu rangi yake nyeusi huchoma ngozi hata za wazima.

Mabaka meupe ni habari tofauti. Kinga iliyofundishwa kuwinda seli za rangi zilizoasi huweza kuzila na zile za halali, na ngozi nyeusi huonyesha kila alama. Watu watasema mbalanga, watasema ukoma. Si ukoma, wala hayaambukizi, na kwa wagonjwa wa melanoma yamehusishwa na dawa kufanya kazi vizuri. Yafunikwe yasipigwe na jua, yapakwe losheni ya kukinga jua, na krimu za kujichubua zisikaribie. Anayeumizwa na macho ya watu aambiwe hivi mapema, kabla mabaka hayajatoka.

Kikohozi kikavu kipya, au kuishiwa pumzi kwa ngazi alizokuwa akizipanda juzi, ni mapafu. Kipima oksijeni kikionyesha chini ya 94 piga simu, chini ya 92 nenda. Kidole chenye piko au rangi ya kucha hukidanganya kifaa. Tumia kisicho na rangi, kiwe na joto, usome baada ya nusu dakika. Kifua kikuu kichunguzwe pia, lakini kusubiri majibu ya makohozi kusicheleweshe picha ya kifua.

Tezi za homoni ndizo zinazopotea kirahisi zaidi, kwa kuwa lawama huenda kwa joto. Uchovu usioisha kwa usingizi, kichwa kuuma kila siku, kizunguzungu akisimama, kuhisi baridi katikati ya Februari: omba kipimo cha tezi ya shingo na cha homoni ya kotisoli, damu ichukuliwe karibu saa mbili asubuhi. Kiu kubwa na kukojoa mara kwa mara, sukari ipimwe saa hiyo hiyo, maana kisukari cha namna hii hupanda kwa siku chache. Ini hujulikana kwa mkojo mweusi, macho ya manjano na vipimo vya damu vya kabla ya kila dripu; habasoda, mwarobaini na dawa nyingine za miti zisimamishwe, ili vikipanda ijulikane nani mwenye kosa. Moyo, na misuli pamoja nao, ni nadra kushambuliwa lakini huua: kifua kubana, mapigo ya kwenda mbio, kope kulegea, shingo au mapaja kukosa nguvu. Anayetafuna muguka au miraa aache, kwa sababu mapigo hayo hayo huyapata kwa majani na dalili itapuuzwa.

Steroidi, na mwezi wa Ramadhani

Shambulio kubwa la kinga hutulizwa kwa prednisoloni, mara nyingi miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 huweza kuandikiwa miligramu 60, yaani vidonge 12 vya miligramu 5 kwa mkupuo. Wauzaji dawa wengine hushtuka na kupunguza. Kadi na barua ya daktari zionyeshwe. Vinywewe asubuhi baada ya chakula. Sukari na presha vipimwe. Dozi hushushwa polepole kwa wiki 4 au zaidi. Anayeacha ghafla siku ya tano kwa kuona amepona hurudi hospitali na ugonjwa mkali zaidi, na tezi zake za juu ya figo huwa zimelala. Upande mwingine, mtu asijinywee deksamethasoni ya kemisti "kuzuia" madhara ya chanjo: anaizima kinga ile ile aliyolipia kuiamsha.

Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na wengi wanajua hivyo ila moyo hauwapi. Mwenye kuharisha, mwenye homa za siku tatu za sindano, na hasa anayetegemea kotisoli ya vidonge kila siku asifunge kabla ya kupangiwa na daktari wake. Akikosa dozi na maji kwa saa 13, huyo wa mwisho huweza kuanguka kabla ya alasiri.

Kabla ya safari ya matibabu

Anayetoka Kenya kwenda India hudaiwa cheti cha homa ya manjano. Chanjo yake ni virusi hai. Haifai kwa mtu mwenye kinga iliyodhoofishwa au aliye kwenye steroidi za dozi kubwa. Kama uamuzi wa kwenda umefanywa na steroidi bado hazijaanza, muulize daktari kuhusu kudungwa mapema, angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha, kwa hiyo cha zamani kitafutwe kwenye makabrasha ya nyumbani kwanza. Asiyeweza kudungwa aombe barua ya daktari ya kusamehewa, igongwe muhuri na wahusika wa afya ya bandari, na ubalozi uulizwe mapema kama wataikubali. Nakala moja ikae kwenye pasipoti, nyingine kwenye mkoba pamoja na kadi, daftari na kipimajoto, si kwenye begi litakaloingia tumboni mwa ndege.